Majibu ya Damu ya Fundi Terazo

Marehemu alitolewa damu mara sita na kipande cha pafu, akaahidiwa majibu na daktari mtafiti kwa mdomo wake mwenyewe, na leo anaingia kaburini bila majibu hayo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1970, kifungua mimba wa mama yake, ambaye yupo hapa. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1988 alianza kazi ya kusugua sakafu za terazo, na baadaye akamfundisha mdogo wake. Vumbi la mashine lilimpaka hadi kope, watu wakamwita Unga. Alisugua sakafu za benki, za shule, na ya maabara ileile damu yake ilikopelekwa.

Alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1995. Kila nyumba waliyokwenda kupanga, alipiga magoti kwanza akapapasa sakafu.

"Baba, mwenye nyumba atadhani umepoteza kitu," mkewe alimwambia.

"Aliyepoteza ni yeye. Hapa simenti imeibwa."

Kikohozi kilimwanza mwaka 2019. Daktari mtafiti aliwaeleza yeye na mkewe kwamba mwilini mna molekuli ndogo sana za RNA, zinazoziambia seli lini zifanye kazi na lini ziache. Mpangilio huo ukiharibika, pafu hujaa makovu, na huenda dalili ikaonekana mapema kwenye damu.

"Kumbe ni manyapara?" marehemu aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Manyapara wadogo."

"Basi wangu wamelala kazini."

Wakacheka wote. Ndipo daktari akaomba na damu ya mdogo wake, ailinganishe. Mdogo mtu alikataa. Mkewe marehemu ndiye aliyembembeleza: "Shemeji, toa tu. Tukijua mapema, utaiacha hiyo mashine." Akatoa.

Miaka miwili mkewe alifuatilia. Januari iliyopita karani alimwambia utafiti umekwisha, umesomwa kwenye mkutano wa wataalamu, na majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi. "Hata ukipewa, mama, hutaelewa." Ni kweli hakusoma. Lakini ndiyo na hapana anazijua.

Marehemu alifariki tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameketi, maana kulala kulimkata pumzi.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, na mdogo wake, ambaye juzi alikuwa kwenye mashine ya kusugua na leo amekohoa akibeba jeneza. Marehemu apumzike, taabu ya kupumua imemwisha. Daktari mtafiti anadaiwa jibu la damu ya mdogo wake, na alilete wakati mwenye damu angali hai.