Feni ya Chumba cha Ramani

"Shauri la Kuhamishwa kwa Feni Moja ya Mezani Bila Kibali cha Msimamizi wa Vifaa": hilo ndilo jina kamili la jambo lililoyageuza maisha yangu, wanangu, na kwa vile mmenizunguka hapa kitandani kama wanakamati, niwekeeni mto mgongoni mnisikilize.

Mnapenda kuwaambia watu kwamba baba yenu aliacha kazi ya serikali akaufuata moyo wake kwenye useremala. Hadithi nzuri, mliitunga nyinyi, mimi nikiwa nimeshughulika na randa. Sasa wewe, kifungua mimba wangu, kesho unataka kuacha kazi benki, eti kama baba, uingie biashara na baba yako mdogo, ndiyo maana nasema leo ningali na pumzi.

Tulikuwa wachoraji ramani, mimi na mdogo wangu, meza zetu zikitazamana. Madirisha tuliyafunga karatasi zisipeperuke, na kwa joto lile jasho likadondokea wino mbichi, ziwa likatokea mahali ambapo Mungu hakuliweka. Ndipo feni ya chumba cha pili, iliyokuwa ikikipepea kiti cha mtu aliye likizo, ikahamia kwetu. Wakubwa watatu wakaacha kazi zao kuichunguza. Mmoja aliipima urefu. Wakauliza ni nani. Nikamtazama ndugu yangu, nikimngoja aseme. Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Ni kaka," akasema. "Mimi nilimkataza." Akapandishwa cheo, akaletewa feni yake mwenyewe.

Sikufukuzwa, nilipewa onyo. Niliondoka kwa sababu kila nilipoinua macho kutoka kwenye ramani yeye alikuwa pale, akiniuliza kama nimeshakunywa chai. Mbao nilikuja kuzipenda baadaye, kama mtu anavyoizoea nyumba aliyoingia akikimbia mvua.

Basi, mwanangu, acha kazi ukitaka, lakini kwanza jiulize ni kitu gani kinakuita, au ni nani anakusukuma. Karakana ni ya dada yako; asimuuzie baba yake mdogo hata akija analia. Siku ya kunizika mpeni kiti, mpeni na chai. Nifunikeni miguu. Mungu awape... awape watu wa kukaa nao meza moja... Sogeeni, sauti inaniishia.

Feni aliibeba yeye. Mimi nilikuwa nimezilalia karatasi kwa mikono miwili, zisipeperuke.