Kiti Kilichoelekezwa Dirishani

Mheshimiwa mgeni rasmi. Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule. Walimu wenzangu, mlio kazini na mliotutangulia kustaafu. Wazazi, majirani na ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wanafunzi, ambao najua mmeanza kuchungulia masufuria kabla sijafungua mdomo: nawasalimu nyote. Kila mmoja ajihesabu amesalimiwa kwa cheo chake, maana nikimsahau mtu hapa nitasikia habari yake mwaka mzima.

Kabla sijafika mbali, nijibu swali ambalo nimeulizwa mara tisa tangu asubuhi. Kwa nini mwenzetu tunayemuaga leo amewekewa kiti pale mbele, kiti chenye kitambaa cheupe, halafu kiti chenyewe kimegeuzwa, naye hatutazami sisi, anatazama dirishani? Mgeni rasmi, kwa adabu yake, ameninong'oneza tu. Makamu wangu amekigeuza mara mbili, na mara mbili nimekirudisha. Hakuna aliyekosea, jamani. Nimekipanga mimi kwa mikono yangu, na nivumilieni, mtajua sababu.

Mwalimu huyu amefundisha miaka thelathini na minne, na kumi na tisa ya mwisho ameifanyia hapa, darasa la nne, chumba cha mwisho kwenye baraza. Watoto wanamwita Mwalimu Dirisha, wakidhani hatujui. Mimi wananiita Mama Faili, wakidhani sijui. Majina yote mawili ni ya haki. Mimi ni mtu wa karatasi: lalamiko likija naliandika kwenye daftari lenye jalada jekundu, nalipatia namba, na ndani ya siku tatu limejibiwa kwa barua. Nilikuwa najisifia jambo hilo mpaka kwenye harusi za watu.

Na yeye? Yeye ni mtu wa kuangalia nje. Mliowahi kuingia chumba kile baada ya chakula cha mchana mnakijua. Jua linapita kwenye dirisha refu, vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga taratibu, halipandi wala halishuki, na huko nje kuna tangi la maji, kamba ya nguo za mlinzi, na ukuta ambao juu yake hulala paka wa rangi ya majivu. Ukisimama mlangoni unajikuta umesahau ulichofuata. Mimi nilikuwa naona chumba kile ni cha uvivu. Nakiri.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, mchana kama huu, mlango wa ofisi yangu ulifunguliwa bila hodi. Aliingia mzazi mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, miwani yake myeusi bado imekaa kwenye paji la uso, mkononi ameshika sweta la mtoto. Binti yake alikuwa amelisahau nyumbani, naye akalileta.

"Mwalimu mkuu," akasema, "wamempa mgongo mwanangu!"

"Nani, baba?"

"Darasa zima! Nimechungulia mlangoni, mwanangu amesimama peke yake na kitabu, na mwalimu amemgeuzia mgongo anaangalia nje. Na watoto nao, wote! Kama mtu asiyekuwepo! Kosa lake ni nini? Kwa kuwa ana kigugumizi?"

Binti yule namjua, ni wake wa pekee, na tangu aanze kusema baba ndiye aliyekuwa akimsemea: dukani, zahanati, hata kwa shangazi zake kwenye simu. Nilimwambia, "Baba, kaa, kunywa maji, jambo hili nitalimaliza." Nikafungua daftari jekundu. Namba kumi na moja.

Ndugu wageni waalikwa, mngefanya nini ninyi? Msinijibu. Najua wengi mngekwenda kuangalia. Mimi sikwenda. Kutoka ofisini kwangu hadi darasa lile ni hatua sitini na mbili, siku hizi nimezihesabu, lakini siku ile nilimwita mwalimu aje kwangu. Nikamsomea lalamiko. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema.

"Unampa mtoto mgongo akisoma?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa sababu gani?"

Akaangalia, mnajua wapi, dirishani kwangu. Kisha akasema, "Nimemwahidi mtu kwamba sitasema. Lakini ungekuja ukakaa na sisi kipindi kimoja, Mama. Kimoja tu."

Nikamwambia nina kikao. Nikaona hiyo ni jeuri ya mtu mzima. Nikaandika barua, nzuri sana, yenye aya tatu: kuanzia leo mwalimu awaelekee wanafunzi wake wakati wote wa kipindi, na wanafunzi wote wamwelekee msomaji, na akirudia atachukuliwa hatua. Akaisoma mpaka mwisho, akasaini, akanirudishia kalamu. Nikapiga mhuri. Lalamiko namba kumi na moja, limekwisha. Siku ile nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nadhani nimemtetea mtoto.

Wiki tatu zikapita. Baba akarudi, safari hii akabisha hodi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mwalimu mkuu," akasema, "mwanangu alikuwa na kamchezo. Akifika nyumbani anajifungia chumbani anasoma kwa sauti, anadhani hatusikii. Mama yake na mimi tulikuwa tunasimama ukumbini tumebana pumzi. Alianza mwaka huu, alipoingia darasa la nne. Sasa hasomi tena. Hata chumvi haombi, anaonyesha kidole. Mmemfanya nini?"

Jamani, kuna maswali ambayo hayana faili. Nilisimama. Nikatembea zile hatua sitini na mbili, nikaingia darasa la nne bila kusema kitu, nikakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamenifika kidevuni.

Kilikuwa kipindi cha kusoma. Mwalimu amesimama mbele, amewaelekea wanafunzi kama barua ilivyotaka. Zamu ikafika kwa binti. Akainuka na kitabu. Watoto arobaini wakageuza vichwa, macho themanini, yote usoni pake, kama barua ilivyotaka. Mdomo ukafunguka. Hakuna kilichotoka. Shingo ikakaza, vidole vikawa vyeupe kwenye kitabu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba walikuwa wanamhurumia kwa macho yote yale na macho yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanamziba. Mwalimu wetu, mtu mzima, mwenye mvi, alikuwa amesimama na chaki mkononi, machozi yanamlengalenga, hageuki. Alikuwa amesaini.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akanong'ona, "Mwalimu, tugeuke?"

Mwalimu aliniangalia mimi.

Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Niliinuka, dawati likapiga kelele, nikageuka nikatazama dirishani. Nikasikia nyuma yangu madawati yote yakisogea. Niliona tangi la maji. Niliona shati la mlinzi kwenye kamba, linajaa upepo na kupungua, linajaa na kupungua. Paka alikuwa amelala ukutani, sikio moja linacheza. Mwanga ule, vumbi lile la chaki, vyote vilikuwa vinaelea kama viko chini ya maji, na mimi, Mama Faili, mwenye kikao saa nane, sikukumbuka kikao wala saa nane.

Na sauti ikaja. Ilikuja ndogo sana, ikakwama, ikarudi nyuma, ikasubiri, ikaja tena. Alisoma habari ya mtu anayepanda kilima kutafuta mbuzi wake. Kila neno lilikuja kwa wakati wake, na hakuna aliyeliharakisha. Sijawahi kumsikia mtu akisoma hivyo. Alipofika mwisho wa ukurasa tulikuwa bado tumegeuka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuza shingo. Nililia, ndugu zangu. Nilililia lile shati la mlinzi.

Baadaye binti mwenyewe alimruhusu mwalimu anieleze. Ilianza kwa bahati. Mwanzoni mwa mwaka, zamu yake ilipofika, paka aliteleza ukutani, darasa zima likageuka kutazama, na mwalimu naye, na katika zogo lile wakasikia mtu anasoma. Mwalimu hakugeuka. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya chumba kile: akisimama mtu ambaye maneno yanamchelewa, wengine tunaangalia nje. Hawakuambiwa ni kwa ajili ya nani, ila watoto wanajua. Na binti alimwomba mwalimu jambo moja, asimwambie baba, kwa sababu alitaka siku moja amshtue yeye mwenyewe, aende dukani aombe kitu kwa mdomo wake.

Hiyo ndiyo ahadi niliyoiita jeuri.

Ile barua sikuichana. Mtu wa karatasi hachani karatasi. Niliandika chini yake, kwa wino mwekundu, "Barua hii ni kosa langu, niliiandika kabla ya kwenda kuona," nikasaini, nikapiga mhuri, na imo kwenye faili la mwalimu huyu mpaka leo. Mheshimiwa mgeni rasmi, wakaguzi wamewahi kuniuliza, na wakiniuliza tena nitawaonyesha.

Kisha, binti alipokubali, nilimwita baba. Tulimweka karibu na dirisha, tukamwambia atazame nje tu. Alipomsikia mwanawe nyuma yake alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Alipotoka barazani hakuweza kusema kitu kwa muda, ikawa zamu yake yeye maneno kumchelewa. Halafu akasema, "Mwalimu mkuu, mimi kutwa nawaambia watu wageuze macho nikiwasha moto. Kutwa! Halafu nikaona watu wamegeuza macho, nikadhani ni dharau."

Jumamosi iliyofuata alikuja na vifaa vyake, akatengeneza lile dirisha, lililokuwa halifunguki tangu enzi za mwalimu mkuu wa kabla yangu. Sasa linafunguka lote. Baba, nakuona pale nyuma. Asante sana.

Nami tangu mwaka ule, lalamiko likija, kalamu naiacha mezani. Naenda kwanza. Nakaa dawati la nyuma na magoti yangu, kipindi kizima. Wakati mwingine mzazi ana haki kabisa, na mwalimu ananisikia. Wapo humu wanaoinamisha vichwa sasa hivi. Lakini naenda. Na nikishafika huko, niwaambie ukweli, wakati mwingine naangalia dirishani nikapitiliza kikao.

Mwenzangu, mwalimu mpendwa, miaka ile yote sikukupa sifa inayokustahili, kwa kuwa sifa yako haikuwa na fomu ya kujaza. Leo nakupa mbele ya watu wote hawa. Uliona afadhali kusaini barua mbaya kuliko kuivunja siri ya mtoto. Samahani, na asante.

Sasa kiti. Risala ya wanafunzi itasomwa na binti wa darasa la saba, na mmeshamjua. Jana nilimwita nikamuuliza, "Mwanangu, niwaombe wageni wageuke?" Akafikiri. Neno la kwanza lilichukua muda wake, nami nikalisubiri. "Hapana, Mama. Waniangalie tu. Dukani siku hizi wananiangalia. Lakini Mwalimu ageuke. Nimezoea kuanzia kwenye mgongo wake."

Basi kaa hivyo hivyo, mwenzetu, usigeuke. Dirisha liko wazi na upepo upo. Wageni wetu, neno likichelewa msilisaidie, linakuja. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Kazi ya kusikiliza hasa inaanza sasa.

Karibu, binti yangu. Tunakusubiri.