Kufuli la Daraja la Marlbeck

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Piers zima hiyo simu. Daktari amesema nisiseme sana, nami nimemsikia, lakini kunyamaza nitanyamaza muda mrefu tu, kwa hiyo leo sikilizeni mpaka nimalize.

Nyumba hii ni yako, Piers, pamoja na paa lake linalovuja. Linnet, bustani ya matofaa na shamba la chini ni lako, wala kaka yako asikwambie kwamba mwanamke hajui kondoo, maana yeye mwenyewe nilimfundisha mimi kumshika kondoo, na aliyelia siku ile hakuwa kondoo. Birika la fedha apewe rafiki yangu Nellie Tranter wa ng'ambo ya mto. Hayo ni madogo. Sasa lipo daraja.

Najua umepata mnunuzi, Piers. Anataka kuifanya nyumba hoteli, na daraja la chuma anataka lifungwe daima, ili wageni wake wasione viatu vya mtu wa kijiji cha Marlbeck vyenye matope. Nawe umemhakikishia kwamba daraja ni letu peke yetu, kwa kuwa kila mwaka hufungwa siku moja. Ndivyo alivyofanya babu yenu Ludlam. Aliijua sheria: watu wakipita mahali miaka ishirini bila kuzuiwa, njia huwa yao, basi kila Februari alichagua siku bila kuitangaza, akatia kufuli langoni, akakaa pale na mbwa wake.

Ninyi mnamjua kwa picha ya ukutani. Mimi nilimjua nikiwa upande wa pili wa mto, kwa maana nilizaliwa ng'ambo, binti wa Amos Garbett mpaka rangi, yule aliyekuwa akining'inia kwa kamba chini ya matao ya daraja lile, akikwangua kutu. Nilipokuwa msichana, bibi yangu alifariki, na siku ya maziko ikaangukia siku ya kufuli. Kanisa liko huku kwetu, kijiji kiko kule. Tulifika langoni na jeneza, mvua inanyesha. Baba akavua kofia.

"Bwana mkubwa, tufungulie, tuna maiti."

"Kesho piteni wote, Garbett. Leo hapiti mtu."

"Maiti hangoji kesho, bwana."

"Basi azunguke kwa daraja la mawe."

Tukazunguka, matope mpaka magotini. Lakini Tranter, baba mkwe wa Nellie, ambaye ndiye aliyekuwa mchimba makaburi, aligeuka akamwambia, "Kaa hapo na mbwa wako. Aliye juu mngoje chini, na huko chini nitakuchimbia mimi."

Akamchimbia kweli. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuolewa na mwana wa Ludlam. Aubrey, baba yenu, alikuwa mtu mpole, na kila Februari alifunga lango kwa sababu tu baba yake alifunga. Alipofariki, kufuli likaja mkononi mwangu. Nilikwenda nalo langoni, nikawaona akina mama wanakuja na watoto wao, na Nellie akasimama.

"Hester, leo ndiyo siku?"

"Siku gani? Piteni, msije mkaota mizizi hapo!"

Nikalitupa mtoni mbele yao. Tangu hapo miaka ishirini imetimia na kupita. Kila Februari mlipoona navaa buti na kutoka, mlidhani nakwenda kufunga. Nilikwenda kunywa chai na Nellie katikati ya daraja.

Usinitolee macho, mwanangu. Sijachanganyikiwa, na sikusahau hata mwaka mmoja. Watu wa ng'ambo wamekwisha peleka dai lao kwa halmashauri, nami nimewatolea ushahidi mbele ya wakili. Ukitaka kwenda kuapa kwamba lilifungwa, nenda, lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii yetu inaishia makaburini, nami nitakuwapo. Mnunuzi akikimbia kwa ajili ya viatu vya watu, mwache akimbie.

Nanyi mlitunze. Chuma kile hakikufuliwa kwa nyundo, ni cha kusubu, kilimiminwa katika kalibu kama uji. Ukikibebesha mzigo huvumilia, ukikigonga hupasuka. Asije tena fundi na moto wa kuchomelea. Ule ufa wa tao la pili, Piers, ni wa fundi wako, si wa uzee. Kikwangueni, mkipake rangi, basi.

Linnet, maji kidogo... Asante.

Nikifa, msinitoe kwa mlango wa bustani, ingawa kanisa liko hapo tu. Nivusheni kwanza, mkanilaze ng'ambo nyumbani kwa Garbett, kisha mnirudishe juu ya daraja, mabegani mwa watu, kama wanavyokuja wafu wote wa Marlbeck. Bibi yangu alizungushwa. Mimi nitapita. Na wewe, Piers, utashika mbele, bega kwa bega na mwana wa Nellie.

Msigombane. Mungu awape... awape usingizi mzuri, na majirani wasiowaogopa. Fungua dirisha, Linnet. Nani huyo anapita darajani, anapiga mluzi? Hapana, usimwite. Mwacheni apite.