Karatasi ya Mama Vilima

Wasikilizaji wapendwa, ni saa saba na dakika tano mchana. Najua wengine mko mezani, wengine mmesimama dukani, wengine mnasubiri sufuria ichemke. Endeleeni tu, ila masikio nipeni mimi. Leo tunamkumbuka mama mmoja, na leo nimekalia kiti hiki kama nimekalia miiba. Fundi mitambo amenisogezea maji mara mbili. Nimeyaangalia tu.

Mama huyu alifariki Jumanne. Tumemzika jana. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpimaji wa dawa za mitishamba kwenye maabara. Narudia kwa waliochelewa: amefariki Jumanne, tumemzika jana, alikuwa mpimaji wa dawa. Kazini walimwita Mama Vilima. Kwa nini Vilima? Nitawaambia. Msiniharakishe, mimi mwenyewe naogopa ninakokwenda.

Asubuhi hii nimepita kwa mumewe. Ni fundi nguo. Nimemkuta amekaa kwenye cherehani, anakanyaga, gurudumu linazunguka, na uzi hamna.

"Huyu mwanamke," akaniambia, "sijawahi kumwona amekaa akamaliza sahani. Anakula amesimama. Mkono mmoja kijiko, mkono wa pili unafunga vifungo vya koti. Siku ya harusi yetu aliniuliza saa mara tano! Nikajivuna. Nikasema moyoni, bibi harusi ana hamu na mimi. Kumbe ameacha mashine inapima!"

Akacheka sana. Halafu akafuta macho kwa kitambaa cha suruali ya mteja. Akashtuka, akakikunja vizuri, akakirudisha mahali pake.

Binti yake ni mwalimu wa hesabu. Yeye anakumbuka harufu. Mama alinuka pilipili manga. Koti, nywele, mkoba, hata noti za nauli.

"Tulikuwa tunasikia majirani wanapiga chafya," anasema. "Akipiga chafya wa nyumba ya tatu, mama yuko kona. Akipiga chafya wa nyumba ya pili, tunapakua."

Sasa, vilima.

Pilipili manga ina kitu ndani yake kinachoifanya iwashe. Wataalamu wanakiita piperini. Mtu akitengeneza dawa ya pilipili manga, anatakiwa kuandika kwenye pakiti imo piperini kiasi gani. Kazi ya Mama Vilima ilikuwa kuangalia kama pakiti inasema kweli. Alitumia njia inayoitwa kromatografia. Msiogope neno. Aliwahi kunieleza hivi:

"Kaka wa redio, wewe si unakwenda misibani? Watu wakiondoka, hawaondoki pamoja. Yupo anayetoka mbio. Yupo anayeshika mkono wa kila mtu mpaka mlangoni. Basi na mimi nachukua dawa, naiyeyusha, nasukuma tone moja lipite kwenye mrija wa chuma uliojaa unga laini sana. Humo kila kitu kina mwendo wake. Piperini yangu inatoka dakika ya saba. Ikitoka, mashine inachora kilima kwenye karatasi. Kilima kikubwa, piperini nyingi. Kilima kidogo, piperini kidogo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Huelewi, unaitikia tu. Lakini haya."

Ndiyo maana Mama Vilima. Maisha yake yote aliangalia vilima.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Miaka kumi na tisa iliyopita. Shikeni hesabu hiyo, kumi na tisa.

Kulikuwa na mzee mtengenezaji wa dawa. Tunamwita Babu Kinu, kwa sababu hakutaka mashine ya kusaga. Alitwanga mwenyewe. Dawa yake ya kikohozi, ya unga wa pilipili manga, kwenye pakiti za karatasi, ilikuwa inajulikana mtaa kwa mtaa. Mwaka huo dawa tano zilipelekwa maabara zipimwe. Ya Babu Kinu ilikuwa ya tano.

Piperini ina adui mmoja, na adui huyo ni mwanga. Ukiiyeyusha ukaiacha juani, inaharibika. Kwa hiyo wapimaji wanaiweka kwenye vichupa vya kahawia. Siku hiyo vichupa vya kahawia vilikuwa vinne. Dawa nne zikapata. Ya tano, ya Babu Kinu, ikawekwa kwenye kichupa cheupe kinachopitisha mwanga, kwa dakika tano tu, mpaka zamu yake ifike. Ikawekwa dirishani.

Umeme ukakatika.

Ukakatika saa nne asubuhi, ukarudi saa tisa. Mama Vilima muda wote huo alikuwa anazunguka kwenye korido, anagonga mlango wa fundi umeme, anarudi, anakwenda. Umeme uliporudi foleni ilikuwa ndefu. Akapima kila dawa mara moja tu. Kilima cha Babu Kinu kikatoka kifupi. Robo ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Akaandika robo. Akasaini.

Karatasi ikapanda kwa wakubwa. Wakubwa wakamnyang'anya Babu Kinu kibali cha kuuza dawa, wakaandika tangazo. Tangazo likaja hapa kituoni. Na aliyelisoma ni mimi. Kwa sauti hii hii.

Nalikumbuka neno kwa neno. "Wananchi mnatahadharishwa kuhusu dawa ya kikohozi ya Babu Kinu. Imepimwa, na imekutwa hafifu." Nililisoma asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Hesabuni wenyewe. Mara tisa.

Watu wakamrudishia pakiti zake. Wengine hawakushuka hata kwenye baiskeli, walizitupa wakipita. Watoto wakamgeuzia jina, wakamwita Babu Unga, eti dawa yake kaichanganya na unga wa ugali. Mjukuu wake alirudi kutoka shule amemwagiwa unga kichwani, shati la sare limekuwa jeupe mpaka kwenye soksi.

Mama Vilima naye hakutulia. Mumewe anakumbuka. "Alikuwa anasimama katikati ya chumba, anasema, vile vidogo vilikuwa nini? Namuuliza, vidogo gani? Anasema, achana nami, shona."

Vidogo vyenyewe ni hivi. Pembeni ya kile kilima kifupi kulikuwa na vilima vingine, vitatu, vidogo, kama watoto waliojificha nyuma ya gauni la mama yao. Alikuwa ameviona akavipuuza. Wiki ya pili vikamkaba. Kwa sababu dawa iliyochanganywa na unga wa ugali ingekuwa na kilima kifupi, basi. Vile vidogo vilitoka wapi?

Akarudi maabara. Unga wa dawa ya Babu Kinu ulikuwa umebaki kwenye bahasha. Akayeyusha upya, kichupa cha kahawia. Kilima kikatoka kizima, sawasawa na pakiti. Akapima tena, kizima. Mara ya tatu, kizima. Kisha akaweka mwingine kwenye kichupa cheupe, pale pale dirishani, kutoka saa nne mpaka saa tisa. Kilima kikasinyaa. Na vile vidogo vitatu, hao, wamerudi.

Babu Kinu hakumdanganya mtu. Kosa lilikuwa la kichupa na dirisha. Na la mkono wa Mama Vilima.

Angeweza kunyamaza, wasikilizaji. Nani angejua? Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Babu Kinu. Alimkuta uani anatwanga. Mazungumzo yao nimeyapata kwa mzee mwenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kufungia nini tena? Kinu?"

"Nimekuja kusema nimekosea."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, mchi una kelele."

"Nimekosea! Dawa yako ni nzima! Nimepima vibaya mimi!"

Mzee akaweka mchi chini. "Ulivyosema mwanzo, walisikia wangapi?"

"Wote wenye redio."

"Basi kawaambie hao. Mimi nilikuwa najua."

Akaja hapa. Nakumbuka alivyopanda ngazi, nilisikia viatu kabla sijamwona. Alishika karatasi. Ofisi yake ilikuwa imekubali kosa, imemrudishia mzee kibali chake. Yeye alitaka kitu kimoja tu. "Kaka, soma na hii."

Nikampelekea mkubwa wa kituo wa wakati huo. Akaisoma, akanirudishia. "Tukianza kusahihisha mambo," akasema, "kesho nani atatuamini? Iweke kwanza."

Nikaiweka. Kwenye droo ya meza hii, upande wa kulia.

Wasikilizaji wapendwa, sitaki niwafiche. Mkubwa yule aliondoka hapa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu aondoke, hakuna aliyenizuia. Kilichobaki ilikuwa aibu yangu tu. Nilisema, nitasoma mwezi ujao. Nilisema, watu wameshasahau, ya nini kuchokonoa. Nilisema ninyi mtanicheka.

Naye aliniuliza kila tulipokutana. Sokoni. Benki. Kwenye foleni ya hospitali, nikiwa na jino limevimba, siwezi hata kufunga mdomo.

"Kaka wa redio, umesoma?"

"Bado, dada."

"Haya. Jino pole."

Hakuwahi kunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Ilifika mahali nikimwona kwa mbali navuka barabara. Mara moja nilijificha ndani ya duka la vyombo, nikatoka na chujio nisilolihitaji. Yeye alikuwa amesimama nje. "Hilo chujio zuri," akasema. "Umesoma?"

Na kazini alibadilika. Vijana wa maabara wanasema hakuna jibu lililotoka bila kupimwa mara tatu. Dirisha lile alilipaka rangi nyeusi kwa mkono wake. Na kila Babu Kinu alipotwanga mzigo mpya, Mama Vilima alikwenda mwenyewe kuchukua pakiti, akaipima, akampelekea mzee karatasi yenye kilima. Mzee anazo hizo karatasi, amezibandika ukutani kuzunguka chumba kizima. Nimeziona jana. Ukikaa pale ni kama umezungukwa na milima.

Lakini nje ya chumba hicho je? Jana makaburini nilisimama karibu na Babu Kinu. Ana miaka themanini na mbili sasa. Akaniambia polepole, "Leo nimemzika mtu aliyenihangaikia kuliko ndugu zangu. Mimi nilishamsamehe siku ile ile. Ila wale watoto walioniita Babu Unga wamekua, wana watoto, na watoto wao nao wananiita Babu Unga. Hawajui hata kwa nini. Wamerithi tu."

Nikaangalia viatu vyangu.

Tulipokuwa tunatoka, binti wa Mama Vilima akanishika mkono wa shati. Akanipa bahasha.

"Mama alisema huenda ile ya kwanza umeipoteza, mjomba. Akasema hana hasira na wewe. Ila akasema isomwe mchana, watu wakiwa macho."

"Mjomba," kaniita. Mimi.

Ile ya kwanza sikuipoteza. Ninazo zote mbili hapa mbele yangu. Moja imekuwa ya njano, nyingine bado inanukia pilipili. Maneno ni yale yale.

Fundi mitambo ananiangalia kupitia kioo. Ananionyesha vidole vitatu, yaani nimebakiwa na dakika tatu. Ruhusa sijaomba kwa mtu. Nikisema naomba, nitaiweka tena kwenye droo, najijua.

Kwa hiyo kwanza niwape pole. Fundi wetu wa nguo, pole sana, Mungu akupe nguvu, na yule mteja tunamwomba asubiri suruali yake. Mwalimu wetu, pole, mwanangu. Umelelewa na mtu. Vijana wa maabara, poleni, na lile dirisha msilikwangue rangi. Na Babu Kinu, ambaye najua redio yako iko juu ya ile meza ya pakiti: pole kwa msiba, na pole kwa ile miaka kumi na tisa, ambayo ni yangu mimi.

Na wewe unayenisikiliza, sijui una droo ya namna gani hapo kwako. Labda ni neno ulilolisema mbele ya watu kumi, ukaja kuomba radhi chooni, watu hawapo. Mimi siwezi kukufundisha, mimi ni wa mwisho. Ila mama huyu alikosea kwa mchana mmoja, kisha akahangaika miaka kumi na tisa kurudisha. Mimi nilitakiwa kuhangaika dakika moja tu, ikanishinda.

Naisoma sasa. Haya ni maneno yake, sijaongeza langu.

"Ndugu wananchi. Mimi ndiye niliyepima dawa ya kikohozi ya Babu Kinu. Niliipima vibaya. Niliiacha kwenye mwanga, ikaharibikia mikononi mwangu. Nimeipima tena mara tatu. Dawa ni nzima, na pakiti inasema kweli. Babu Kinu hakumdanganya mtu yeyote. Aliyekosea ni mimi. Naomba mliosikia lile tangazo mumwambie na ambaye hakusikia hili."

Mwisho wa maneno yake.

Wasikilizaji wapendwa, lile tangazo la uongo nililisoma asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Siku tatu hizi zamu ni yangu. Hii ilikuwa mara ya kwanza.

Zimebaki nane.