Dereva Aliyesoma Vipeperushi Vyote

Kwa moyo mzito, na baada ya vikao viwili vilivyomaliza chai yote ya ofisi, Kitengo cha Wanafunzi wa Kujitolea kinawatangazia wafanyakazi, wanafunzi na majirani kwamba kuanzia Jumatatu ijayo basi letu dogo litaondoka chuoni saa mbili kamili asubuhi. Ratiba imesema hivyo tangu zamani. Lakini kwa miaka ishirini na minane na miezi minne basi limekuwa likiondoka saa mbili na dakika ishirini na tano, kwa sababu dereva wake alikuwa hajamaliza kuliogopa.

Dereva huyo, ambaye vizazi vya wanafunzi vimemwita Mzee Tuangalie, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina alijipatia mwenyewe. Ukimwambia twende, anajibu, "Kwanza tuangalie." Ataangalia matairi, breki na milango, kisha atahesabu abiria, atahesabu tena, halafu atamwomba mwanafunzi mmoja ahesabu kwa niaba yake, eti macho yake yamewazoea. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema hata siku ya posa mchumba alikagua ngazi za nyumbani kwao kabla hajaingia kusalimia wakwe.

Alikuja kwetu akitoka kuendesha gari la mkate. Mimi nilimkuta miaka kumi na moja baadaye, nikiwa mratibu mpya, na nywele zangu zote kichwani na tumbo langu mahali pake. Nilidhani nimerithi dereva mwoga. Ilinichukua muda kujua woga ule ulitoka wapi.

Wanafunzi wetu, kama mnavyojua, hutoka kila wiki kwenda mitaani kupima shinikizo la damu, kufundisha watoto kusoma na kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Pia hugawa vipeperushi: hatari ya nyaya zilizochubuka, hatari ya visima visivyofunikwa, hatari ya kuchanganya dawa, hatari ya kung'atwa na mbwa. Maboksi kwa maboksi. Wakati wao wanagawa, dereva alibaki kwenye basi kwa muda wa saa tatu au nne, hana la kufanya, na maboksi yako kiti cha nyuma. Basi akasoma. Sisi tuliviandika, majirani walivipokea kwa adabu na kuvitumia kufungia vitu, na yeye, peke yake katika mji mzima, alivisoma neno kwa neno na kuviamini. Kufikia mwaka wa tano kulikuwa hakuna kitu duniani asichokiogopa.

Si kwamba kila mara alipatia. Kuna siku alikataa katakata kuegesha basi chini ya bango la matangazo, akisema nguzo imeinama. Wanafunzi walitembea juani karibu kilomita nzima wakibeba mizani na vitabu, na mimi mbele yao nikitweta kama donge la unga lililopewa miguu. Bango lile lipo hadi leo, linatangaza magodoro. Siku nyingine alitufungia ndani ya basi nusu saa kwa sababu ya mbwa aliyekuja kugundulika kuwa mzee na hana hata jino la kumtishia paka. Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wahenga, na kicheko kweli kilikwenda kwake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokipeleka.

Kazi ilipoanza kufanyika pia mtandaoni, tulidhani angepumzika. Wanafunzi wangefundisha wakiwa ofisini, watoto wangejifunza wakiwa nyumbani kwa simu. Lakini ni nani aliyezunguka akipeleka simu na vitabu nyumba kwa nyumba? Ni yeye. Matokeo yake, sisi tulikuwa na orodha ya majina, na yeye alijua mlango wa kila mtoto.

Wengi wenu mnajua habari ya miaka sita iliyopita. Jarida la chuo lilieleza kwamba, wakati wa darasa la mtandaoni, mratibu aligundua hali isiyo ya kawaida kwenye skrini, akamtuma dereva haraka, na maisha ya mtoto na bibi yake yakaokolewa. Mratibu ni mimi. Cheti kinaning'inia juu ya meza yangu. Habari ile niliiandika mwenyewe, na leo, kabla hatujampa Mzee mkono wa kwaheri, inabidi niiandike upya.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, mvua na baridi ya kuingia mifupani. Kwenye skrini walikuwepo watoto kumi na wawili. Aliyefundisha ni binti wa mwaka wa pili wa uuguzi, mimi nimekaa kando yake nikisimamia. Mmoja wa watoto alikuwa msichana wa miaka tisa tuliyemwita Kasuku, kwa kuwa alizungumza tangu darasa linafunguliwa hadi linafungwa. Aliishi na bibi yake tu.

Siku hiyo makelele yalinizidi: masufuria, redio, mtoto mchanga wa mtu. Nikabonyeza kitufe na kuzima vipaza sauti vya watoto wote. Raha ikarudi. Baada ya muda binti akaniambia, "Mratibu, Kasuku ameinua mkono."

"Huyo ameinua mkono tangu azaliwe," nikajibu. Tukacheka, darasa likaendelea.

Alipolaza kichwa mezani, nilichukua daftari la mahudhurio nikaandika mbele ya jina lake: amesinzia.

Mzee Tuangalie aliingia kurudisha ufunguo. Akatazama skrini, akasimama.

"Huyo mtoto ana nini?"

"Amechoka, Mzee."

"Na bibi yake?"

Nyuma ya Kasuku bibi alikuwa kwenye kiti, kidevu kimeangukia kifuani. Kati yao jiko la mkaa lilikuwa jekundu. Dirishani blanketi lilikuwa limeshindiliwa kuzuia upepo. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu kwa nusu saa. Kipeperushi cha hatari ya kuwasha mkaa ndani ya chumba kilichofungwa nilikihariri mimi, nikasahihisha hata nukta.

"Mwite," akamwambia binti. Binti akaita. Kichwa hakikunyanyuka.

Hapo ndipo nilipotamka maneno ninayoyasikia hadi leo: "Acha woga wako, Mzee. Leo hata usingizi unauogopa?"

Aliurudisha ufunguo mfukoni. Akamwambia binti, "Mwanangu, twende." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akanipa amri: "Wewe endelea kumwita. Usinyamaze." Basi likaondoka bila tairi hata moja kuangaliwa.

Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Dakika arobaini, wakasema, barabara imejaa maji. Nikatafuta namba ya jirani. Tulikuwa na namba moja tu, ya bibi, na simu yenyewe ndiyo iliyokuwa mezani karibu na kichwa cha mtoto. Ndipo nikakumbuka kile kitufe. Nikafungua sauti yake.

Nilisikia mvua juu ya bati. Chini ya mvua, pumzi moja nzito ya bibi, kisha kimya kirefu hadi nikadhani ndiyo basi, kisha nyingine. Ya mtoto sikuisikia. Nikaita. Niliita kwa jina la utani, nikaita kwa jina lake, nikapiga meza. Watoto wengine kumi na mmoja walikuwa bado wananitazama, na mimi sina akili hata ya kuwatoa.

"Mwalimu," mmoja akauliza, "Kasuku amekufa?"

"Amelala."

"Sasa mbona unapiga kelele hivyo?"

Safari ile huchukua nusu saa. Mzee aliimaliza kwa dakika kumi na mbili, na kila moja niliihesabu kwa pumzi za bibi. Mwisho niliona mwanga ukibadilika ukutani, mlango umevunjwa. Mikono yake miwili ikapita mbele ya skrini ikalibeba jiko hivyo hivyo lilivyo jekundu. Alama zake mtaziona leo akiwapungia. Blanketi likang'olewa. Uso wa binti ukajaa skrini yote, kisha ukaondoka na kile kichwa kidogo. Bibi akaburutwa na kiti chake. Halafu nikabaki nikitazama meza tupu, mvua ikinyesha, kwa muda wa saa nzima na zaidi, bila kujua kama kuna aliyepona. Sikuthubutu kukata simu.

Kasuku alizinduka jioni ile hospitalini. Bibi alizinduka siku ya tatu, ingawa hadi sasa maneno humpotea katikati ya sentensi. Muuguzi alimuuliza mtoto alijisikiaje kabla ya kulala. Akasema, "Nilimwambia mwalimu kichwa kinaniuma. Nilimwambia mara tatu. Hakunijibu."

Nililisikia jibu hilo nikiwa nimesimama mlangoni, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya skrini. Nikarudi ofisini nikaandika taarifa ambayo haina kitufe ndani yake. Nilimpelekea Mzee aweke sahihi kama shahidi. Mikono yote miwili ikiwa na bendeji, aliisoma yote, polepole, ukurasa wa kwanza na wa pili. Akaweka sahihi.

"Mratibu," akasema, "mimi naogopa sana kumuaibisha mtu. Lakini yule mtoto anadhani ulimsikia ukampuuza. Nenda kamwambie."

Sikwenda. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na kila nilipokutana na Mzee koridoni alinisalimia vizuri, jambo lililokuwa baya zaidi.

Nimekwenda Jumamosi iliyopita, nilipokaa kuandika wasifu huu nikashindwa kupita hapo. Kasuku ana miaka kumi na mitano. Nilimweleza habari ya kitufe, mbele ya bibi yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mimi nilidhani mlinichoka kwa sababu ninaongea sana." Bibi akaniambia kwamba tangu ugonjwa ule mjukuu wake haongei ovyo, walimu wa shule wanamsifu kwa utulivu.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala sikumdai. Aliuliza kama Mzee kweli anastaafu, na kama katika sherehe wageni wanaruhusiwa kusema neno. Kwa hiyo katika ratiba mliyoshika mtaona kila msemaji amepewa dakika tano, mimi nikiwemo. Mbele ya jina la Kasuku hakujaandikwa dakika.

Mzee wetu, kitengo kizima kinakushukuru kwa miaka yote hii ya kuogopa kwa niaba yetu. Nenda kapumzike na mama watoto. Tunakuombea siku ndefu, afya, na asubuhi ambazo hakuna cha kukagua.