Ndege wa Bendera ya Chuo

— Anaukimbia mlingoti, nakwambia.

— Hakimbii, Saa Mbovu. Anatazama.

— Anatazama huku anakimbia, dada. Hata mwizi hutazama.

Saa Mbovu ni fundi saa aliyestaafu. Dada anayebishana naye ni shangazi yangu, fundi cherehani. Benchi la kijiwe liko chini ya dirisha letu, na mimi ndiye ninayewamiminia kahawa. Asubuhi hiyo bendera mpya ya chuo kikuu kishiriki ilikuwa mezani, ya buluu, katikati ngao yenye kitabu, mwenge na ndege. Ya zamani ilichanwa na upepo, na chuo kilituletea mchoro wa upande mmoja tu. Tukatarizi ngao mbili zinazofanana, tukazishona mgongo kwa mgongo. Mbele, ndege anautazama mlingoti. Nyuma, ameupa kisogo. Manyoya yote nilitarizi mimi. Bendera ikipokelewa, tunapewa na kazi ya kushona majoho ya mahafali, na shangazi ameniahidi kwamba majoho yakija, narudi shule.

— Upande huu elimu inaingia, alisema Kinyozi, jirani yake benchini. Upande ule inatoka. Nusu watafeli.

— Nusu ipi?

— Wanaokaa nyuma.

— Wewe unaona kufeli tu, alisema Saa Mbovu. Ndege akigeuka, upepo unageuka. Upepo ukigeuka, paa la maktaba linakwenda. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Mama anaingiaje hapo?

— Kwani ndege hana mama?

Shangazi alifumba macho. Wiki nzima hakulala vizuri. Alipoyafumbua, alichukua mkasi mdogo.

— Namfumua.

— Kitambaa kitatoboka, shangazi.

— Na wakimkataa hivi alivyo?

Shangazi akakata uzi wa kwanza, kwenye bawa.

— Hodi. Nimefuata bendera.

Alikuwa mlinzi wa chuo, kofia mkononi.

— Bado, baba, alisema shangazi. Namgeuza ndege.

— Ndege gani?

Nikamwonyesha. Akaigeuza bendera mbele, akaigeuza nyuma, kisha akaikunja na kuitia kwapani.

— Mkuu wa chuo hatamwona? shangazi aliuliza, mkasi bado mkononi.

Mlinzi alijibu akiwa amefika mlangoni:

— Mkuu huuliza kama imepanda. Vitambaa vya majoho viko garini, niliambiwa nikikuta bendera ipo nivishushe. Ile iliyochanika niliipandisha mimi kila asubuhi, mama, na leo ndiyo nasikia ilikuwa na ndege.