Mapazia Kabla ya Viti

Alfajiri nilimwacha jirani akitwanga kahawa, nikawahi treni ya mjini, hapa Addis Ababa. Mbele yangu binti aitwaye Mihret alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua, aliyepakata fungu la nyasi mbichi. "Nimehamia ghorofani juzi, na mama mkwe anakuja leo kuiona nyumba. Hela yote imeishia kwenye mapazia."

"Na viti?"

"Sina hata kimoja."

"Kwa hiyo mkwe atakalia pazia?"

"Mama, majirani wanaona madirisha. Viti nani anaviona?"

"Anayesimama!"

Sikucheka. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na kufuli kubwa, na ndani hamkuwa na cha kuibwa.

Walibishana mpaka treni ikapunguza mwendo. Huku bado anamsuta, yule mama akaligawa fungu lake katikati, nyasi alizonunua atandaze kwake wakati wa kahawa. "Tandaza sakafuni, mkalishe hapo, mpe kahawa. Lakini kwa mapazia ulikosea, mwanangu."

"Sikukosea," alisema Mihret, akishuka na nyasi kifuani. "Njoo leo uyaone. Halafu uje tena nikipata viti."